Nta ya Uswisi kwenye Pijo ya Mzee Abbasi

Nassibu aliiona ile Pijo kabla hajamwona mwenyewe, na moyo ukamruka kwa furaha. Ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka la Mzee Abbasi, mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, imepauka kama magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta. Zamani ilikuwa nyeusi. Sasa jua na vumbi jekundu vilikuwa vimeipa rangi ambayo hata aliyeipaka kiwandani angeikana mbele ya mashahidi. Mwenye gari, mzee mnene wa kanzu na koti, alikuwa amepiga magoti anaisugua kwa tambara lenye mafuta ya taa, huku analaani chinichini.

Mtu mwingine angesema pole akapita. Nassibu hakuumbwa hivyo. Alikuwa Mzaramo wa Dar es Salaam, mtoto wa mjini, suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni, na ulimi ambao haukujua kulala. Alishushwa garimoshi hapa Tabora kwa sababu yeye na mkagua tikiti hawakuelewana kuhusu mahali tikiti ilipo. Tangu siku hiyo shida yake ilikuwa moja, na ilikuwa na jina: Bi Zamda, balozi wa nyumba kumi.

"Mwanangu," Bi Zamda alimwambia alipokuja kupanga chumba, "kwangu hakai mzururaji. Nionyeshe kazi yako. Ukishindwa, Jumamosi linapita lori la kwenda vijiji vya ujamaa, kule Choma, kwenye pamba. Utapanda, na jembe nitakununulia mimi."

Jembe! Nassibu aliwahi kulishika mara moja utotoni, akaugua wiki nzima. Aliapa kwamba lori la Jumamosi lingempita hivi hivi. Ndiyo maana alichuchumaa kando ya Mzee Abbasi.

"Shikamoo, mzee. Unaliua gari."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Rangi yenyewe. Nimeisikia inalia tangu kule kona. Mzee, rangi ya gari ni ngozi, na mafuta ya taa yanaichoma. Kwanza inaoshwa mpaka vumbi la mwisho. Inasuguliwa kwa dawa ya kukwangulia, ngozi iliyokufa itoke. Ndipo ije polishi, irudishe weusi. Halafu nta, nyembamba, kivulini. Ikauke, ifutwe kwa fulana kuukuu, ndipo upake tabaka jingine. Anayepaka nta juu ya uchafu ni sawa na anayevaa suti bila kuoga."

Tumtendee haki: mpaka hapo hakusema uongo hata neno moja. Aliwahi kuosha magari ya wageni nje ya hoteli moja huko Dar, na mambo hayo aliyajua vizuri. Uongo ulianza alipovuta pumzi ya pili.

"Na mimi ninayo nta ya Uswisi. Tabaka saba. Ndiyo hiyo wanayopakia saa."

Mzee Abbasi alitazama kulia na kushoto. "Jumamosi namwoa Mwanamkuu, yule mjane wa Gongoni. Sasa... mshenga wangu amemwambia naja kumchukua na gari jipya."

"Mshenga alijitungia?"

"Mshenga alisema alichotumwa," mzee akanong'ona. "Nitaumbuka, kijana. Mwanamke mzuri vile! Litengeneze, nitakupa nusu gunia la sukari."

Nassibu alishika bampa asianguke. Mwaka ule sukari ilikuwa ngano za mabibi. Watu walikunywa chai kavu huku wakisimuliana zamani. Nusu gunia, kule Dar, lingemfanya bwana mkubwa.

"Ila utaipata Mwanamkuu akishapanda," Abbasi akaonya. "Nitaiweka kwenye buti. Uione kwa macho, usiiguse."

Dawa ya kukwangulia haikumpa taabu: majivu laini yaliyochekechwa na unga wa kupigia mswaki. Polishi akapunguziwa na fundi viatu. Ikabaki nta. Akaenda sokoni, na pale penye asali akamkuta Mahona, mrina asali wa Kwihara, mtu mrefu mwembamba, baiskeli yake imeegemea mzinga mtupu wa magome.

"Mwangaluka, mtani!" Nassibu akamsalimu kwa Kinyamwezi, kwa sauti kubwa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana, atakula chako, atakucheka hata msibani, na kukasirika ni mwiko, kushtakiana ndiyo kabisa. Nassibu aliuona utani huo kama mlango usio na kufuli.

"Mzaramo!" Mahona akajibu. "Umeleta nazi mlizomuibia babu yangu?"

"Babu yako tulimtoa ushamba bure."

"Babu yangu alibeba pembe kichwani kutoka Kwihara mpaka kwenu pwani, na hakuna Mzaramo aliyempokea mzigo hata hatua moja. Hilo hatujasahau. Unataka nini?"

"Nta. Natengeneza mishumaa."

Mahona alimtazama vidole vyake, vyeusi kwa polishi ya viatu. Akatoa nta za aina mbili: moja ya njano safi, iliyochemshwa na kuchujwa, haina harufu, nyingine nyeusi, inanata, inanukia asali na maua ya porini.

"Ya njano nimewawekea ushirika. Hii nyeusi chukua. Hii hata ukiipaka kwenye gogo, haliachi kunukia."

"Nikupe nini?"

"Hiyo saa yako."

Saa ilikuwa imekufa tangu Morogoro. Nassibu aliivua kwa huzuni kubwa, akaitikisa kidogo kwa siri, akamkabidhi. "Ya Uswisi hiyo, mtani. Ya marehemu baba." Akaondoka mbio kabla Mahona hajaisikiliza, anacheka peke yake njia nzima. Mahona naye alikuwa anacheka, lakini Nassibu hakugeuka nyuma.

Akaifanya kazi. Aliyeyusha nta akaichanganya na mafuta ya taa kidogo, yale yale aliyomkanya mzee, akapaka, akangoja, akafuta, akapaka tena, uani kwa Mzee Abbasi, chini ya turubai. Na kufikia Ijumaa jioni jambo la ajabu likatokea: gari lilikuwa jeusi kweli. Nassibu alijiona kwenye boneti, meno na yote. Hakuwahi maishani kutengeneza kitu kikatengenezeka, na aliona raha iliyomtia hofu kidogo.

Bi Zamda akaja kukagua. Akapitisha kidole mlangoni, akakinusa. Akanusa tena.

"Nta hii ya wapi?"

"Uswisi, Bi Zamda."

"Haya," akasema Bi Zamda, akifuta kidole kwenye kanga. "Kumbe Uswisi si mbali. Basi kesho nitaitazama kazi yako juani, ndipo nitasema."

Jumamosi asubuhi jua liliwaka mapema. Pijo ikaondoka taratibu kwenda Gongoni, matarumbeta mbele, wanawake wakipiga vigelegele nyuma. Mzee Abbasi alikaa mbele karibu na dereva, amevaa joho, ananukia udi. Nassibu alikaa nyuma, amelipa mgongo buti lenye sukari yake. Walipofika kwa Mwanamkuu, nta ilikuwa imeshika joto, mtaa mzima unanukia asali.

Nyuki wa kwanza alitua kwenye kioo. Nassibu akampunga. Wakaja wawili, wakaja kumi. Kisha mvumo ukashuka kutoka juu ya paa, mzito, na bumba zima likatua kwenye boneti kana kwamba limeitwa kwa jina.

Matarumbeta yalinyamaza katikati ya wimbo. Wenyeji hawakuuliza maswali: waliojua kukimbia walikimbia, wazee wakakaa chini kimya. Mzee Abbasi alitoka kwa mlango mmoja, joho likatokea kwa mwingine. Nassibu aliingia kwenye pipa la maji la Mwanamkuu, akabaki pua tu.

Alipochungulia, nani anakuja? Mahona, mwendo wa pole, kijinga cha moshi mkono mmoja, mzinga wake mtupu begani. Akawapulizia nyuki moshi, akawasogeza mzingani kwa kiganja, anazungumza nao Kinyamwezi kama wageni wa heshima.

"Mtani," akamwambia Nassibu, "nta ile tunapaka mizinga mipya, nyuki wahamie. Miezi miwili nafuatilia kundi hili, halitaki mizinga yangu. Kumbe lilikuwa linangoja mzinga wenye magurudumu! Saa yako hii hapa. Bado ni asubuhi ile ile."

"Bi Zamda!" Nassibu akapiga kelele, maji yanamtiririka. "Huyu ameniuzia kitu kibaya!"

"Nta ya Uswisi amekuuzia Mahona?" Bi Zamda akauliza. Watu wakaanza kucheka. "Halafu si mtani wako? Mtani hashtakiwi, mwanangu. Fungueni buti, tuone kama nyuki wameingia."

Nyuki hawakuwemo. Lilikuwemo gunia.

"Sukari ya nani hii?" Bi Zamda akauliza. Siku zile mficha sukari alikuwa na mahali pake pa kulala, napo palikuwa na mlango wa chuma.

"Si yangu!" akasema Mzee Abbasi.

Macho yote yakahamia kwa Nassibu. Alilitazama lile gunia kama mama anayemuaga mwanawe. "Wala si yangu," akasema.

"Basi ni ya wananchi. Ipelekeni jikoni, harusi inywe chai."

Mwanamkuu alikuwa mlangoni, hina mikononi, anacheka mpaka anashika ukuta. "Abbasi, hilo gari lilikuwa la marehemu mume wangu. Alimuuzia mtu wa Nzega. Ile alama ya mlangoni nimeitia mimi, kwa mchi. Jipya, eti! Njoo twende kwa miguu, mwongo wewe. Chai yako walau ina sukari."

Honi ya lori ikasikika barabarani. Nassibu akapiga magoti, ametota mwili mzima. "Bi Zamda, kazi umeiona. Gari linang'aa! Kwa haki ya Mungu, usinipeleke kwenye jembe."

"Nimeiona," Bi Zamda akasema, bila ukali. "Kijana aliyekaa huku siku chache akaita nyuki mpaka mjini, nimpe jembe? Nitakuwa mwendawazimu. Kijiji cha akina Mahona kina mizinga mitupu chungu nzima. Lori acha lipite."

Jua lilipopoa, watu wawili walionekana kwenye njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara. Mbele alikwenda Mnyamwezi, anasukuma baiskeli, hana mzigo, anapiga mluzi. Nyuma yake Mzaramo wa raizoni, mzinga kichwani umezibwa kwa majani, unavuma ndani, naye anatembea kama aliyebeba mayai ya balozi.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, asiwaamshe, "nipokee basi, hata hatua moja."

"Twende, Mzaramo," Mahona akajibu. "Babu yangu hakupokewa."