Watoto Kumi na Mmoja wa Tata Kalonji

Jamani, leo nimejiaibisha, tena mchana kweupe, mbele ya mke wa mtu.

Kazi yangu mnaijua: naandika programu kwenye chumba cha kompyuta cha mgodi, hapa Kolwezi. (Chumba chenye ubaridi kuliko nyumba zote mjini. Ndiyo maana najisikia.) Asubuhi nikachapisha orodha ya posho. Jina la mfanyakazi, kisha idadi ya watoto wake, maana unga hugawiwa kwa kuhesabu watoto.

Nikaona: Kalonji, watoto 11. Mwezi uliopita alikuwa na tisa!

Sasa Kalonji ndiye anayetoboa kadi tunazolisha mashine. Mwizi huyu! Halafu siku hizi ananisalimia kwa adabu mno. Mtu asiye na jambo hasalimii hivyo.

Nikamkabili. "Tata, angalia kadi yangu," Kalonji akasema. "Iko tisa."

"Kadi unaweza kutoboa ingine dakika mbili tu!"

Kadi kweli ilisema tisa. (Kwa akili zangu, huo ndio ulikuwa ushahidi wa ujanja wake.) Nikampeleka kwa mkuu. Mkuu akasema twende nyumbani kwa Kalonji tukahesabu watoto. Wakiwa tisa, leo hii anapoteza kazi na nyumba ya kambini.

Tukaenda, mimi mbele, suti yangu ya abakosti imepigwa pasi. Mkewe, Mama Ngalula, akawapanga watoto mstari. Tisa.

"Mmeona?" nikapaza sauti. "Wawili ni hewa!"

Mama Ngalula alimgeukia mumewe.

"Bengine babili beko wapi? Ulibazala na nani? Kule Kasaji unakoendaka?"

"Mama, mi naapa..."

Jasho lilimtoka. Nilimwonea huruma? Hata kidogo! Nilifurahi amebanwa pande mbili.

Mama akaninyang'anya orodha, akashuka nayo kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Na huyu, tata, si weye? Batoto kumi?"

Kumi! Mimi nina wanane. Nilichunguza kila jina isipokuwa langu. Mkuu akaanza kunitazama kama nilivyomtazama Kalonji.

Hapo ndipo nikakumbuka. Jana nilikuwa nakagua kumbukumbu ya mashine, ambayo husomwa kwa hesabu ya nane. Kile kipande cha programu kinachogeuza namba kuwa maandishi nilikiambia kigawanye kwa nane, si kwa kumi. Sikukirudisha! Kwa hesabu hiyo, ikiisha saba, nane inaandikwa 10, na tisa inaandikwa 11. Orodha nzima haikuwa na 8 wala 9, na mimi mtaalamu sikuona.

Nikaeleza, nikaomba radhi. Mkuu alicheka mpaka akakaa chini. Kalonji kabaki na kazi yake. Mama Ngalula yeye hakucheka; alichukua kitenge chake akaenda mazoezi ya kwaya, anakoimba na mke wangu.

Mke wangu amesharudi. Anataka majina ya wale wawili wa ziada. Hesabu ya nane, anasema, nikamweleze mama yao. Msicheke, nitafutieni pa kulala.