Hereni za Sirari

Jumatatu, 3 Machi 1986
Mama Nyamburi anawatoga masikio wasichana wote wa kwaya kabla ya Pasaka. Kaniambia Dorotea, mpangaji mwenzangu, akikimbilia hukohuko kwake Kabasa. Wamejaa uani kwake tangu asubuhi. Chai, vicheko. Uani kwangu hapa Nyasura yupo kuku tu, naye si wangu.
Nimeamua. Nitatoga mimi! Siku hizi bidhaa za Kenya zinapita mpakani Sirari bila shida. Nimenunua kadi nzima ya hereni, rangi ya dhahabu. Mama Nyamburi anawawekeaga vijiti vya fagio mpaka tundu lipone. Vijiti! Nani atakwenda kwake tena?

Jumatano, 5 Machi
Nimepanga mabenchi. Hakuna aliyekuja. Dorotea kapita, kauliza kama nimefiwa.
Kinachokosekana ni tangazo. Nimejitoga sikio la kulia kwa sindano ya kushonea magunia ya pamba. Niliifuta kwa kanga kwanza. Hereni nikaipitisha hapohapo. Damu kidogo. Inang'aa! Nimezunguka soko zima nikigeuza kichwa huku na huku. Muuza dagaa kanipa pole ya shingo.

Ijumaa, 7 Machi
Sikio limekuwa andazi. Hereni imezama. Nilijaribu kuibadilisha, niweke kubwa zaidi ili ivute uvimbe nje. Haikuvuta. Nilipiga kelele, Dorotea akanishika mkono mpaka Kabasa.
Aliyecheka ni Dorotea. Mama Nyamburi hakucheka. Kanawa mikono kwa sabuni, sabuni yenyewe hasa, na ilivyo ghali siku hizi! Kachemsha maji na chumvi, kayaacha yapoe, kakanda taratibu. Kasema hereni iliyozama haivutwi nyumbani, kesho ananipeleka zahanati. Kasema tundu bichi halichezewi, wala hereni haibadilishwi mpaka pakauke kabisa, na chochote kinachoingia sikioni lazima kichemshwe. Kaniita mwanangu. Ni mdogo kwangu.

Jumapili, 16 Machi
Zahanati waliitoa. Tangu hapo nakwenda Kabasa kila siku kukandwa. Nina kigoda changu, karibu na jiko. Nina kikombe changu, cha bluu. Jana nilichelewa, wakaulizana Ursula yuko wapi. Dorotea anasema nikimkuta mwenye sikio kama langu nitachumbiwa. Walicheka wote. Hata mimi.

Jumapili, 23 Machi
Nimepona. Kanitangazia Mama Nyamburi mbele ya wote, kwa furaha kabisa: hakuna haja ya kuja tena, dada, kapumzike kwako. Kigoda wakampa msichana wa kijiti.
Nimerudi mapema. Mabenchi yako palepale. Kuku kaenda kwao.
Nimelitazama sikio la kushoto kwenye kioo. Zima, halina hata alama. Sindano ya magunia ninayo.
Kesho, nikishaanika nguo.