Ummu Qusai na Duara la Watu wa Ndara

Kusanyikeni, enyi mlao mkate msiuulize ulikotoka! Zimeni majiko, nyamazisheni watoto, na asiyenyamaza apewe tango atafune. Kwa maana leo zatajwa habari za Ummu Qusai binti Shafiq, malkia wa tanuri, mpakaji wa zaatari asiyetetemeka mkono, aliyeishika simu ya kioo kilichopasuka kama shujaa ashikavyo ngao, akauteka mtaa wake mwenyewe. Msicheke. Wako wafalme walioteka nchi za mbali na jirani zao wasiwajue hata kwa sura.

Ngome yake ilikuwa duka la mlango mmoja katikati ya ngazi za Jabal al-Jofeh, mjini Amman: juu yake vidato sitini, chini yake vidato mia na arobaini, na ng'ambo ya bonde kilima cha al-Qalaa. Humo alioka mikate bapa iliyopakwa mafuta ya zeituni na zaatari, yale majani makavu ya kunukia yaliyochanganywa na ufuta. Lakini watu wa juu walitokea barabara ya juu, wa chini wakatokea ya chini, na katikati akabaki yeye, tanuri na paka.

Na adui hakukosekana. Alikuwa shemeji yake Abu Hazim, ndugu wa mumewe, mkazi wa barabara ya juu, ambaye tumbo lake hutangulia na ushauri wake hufuata. Huyo aliitaka ngome iwe duka la makava ya simu. Akaja Jumatatu, akashika kiuno, akahutubu:

"Shemeji, mkate wako mtamu, hilo sibishi. Ila duka halina mtu! Jana nimekaa hapa saa nzima, kaingia paka tu."

"Paka ana ulimi unaojua chakula."

"Cheka. Ijumaa saa tatu asubuhi nakuja. Nikikuta foleni ya watu watatu, watatu tu, sifungui mdomo tena kuhusu duka alilotuachia baba. Nisipowakuta, ufunguo nauchukua."

"Watatu wa miguu miwili?"

"Miwili miwili."

"Haya. Mume wangu shahidi."

Mumewe, aliyekuwa akimenya yai nyuma yao, alitikisa kichwa kukubali, kama ilivyo ada ya wanaume wakaao kati ya moto na sufuria.

Ndipo Ummu Qusai alipoingia vitani. Jumanne alirusha tangazo la simu, akalifungulia Jordan nzima, maana nani asiyependa zaatari? Nchi ikaitika kwa kishindo. Mioyo myekundu mia tatu ikamnyeshea. Mwanajeshi wa Mafraq akaibariki mikono yake. Bibi mmoja wa Aqaba, mwendo wa saa nne kwa gari, akauliza kama anapelekewa nyumbani. Wakasifu wote, asile hata mmoja.

"Hongera," akasema Abu Hazim akipita. "Umekuwa maarufu jangwani."

Jumatano akachora duara kwenye ramani ya tangazo, ili walione walio ndani yake tu. Ramani ilimkubalia kilomita moja, chini ya hapo ikagoma, akachomeka kijiti chekundu juu ya duka na kuandika: "Dakika mbili tu kutoka mlangoni kwako." Alijiona jemadari. Lakini ramani, enyi wasikilizaji, ni kitu bapa kama mkate, haijapanda ngazi tangu izaliwe. Nusu ya duara ilivuka bonde, ikaangukia al-Qalaa.

Alhamisi mchana akatokea mtu kutoka huko, Fawwaz fundi cherehani, amevaa viatu vya kamba, uso mwekundu kama nyanya, akihema kama mvukuto.

"Wewe ndiye... dakika mbili?"

"Karibu, kaka. Nikupe maji?"

"Maji baadaye, kwanza nikutukane! Duka lako naliona dirishani kwangu. Nakuona ukipaka zaatari! Nikasema, aa, si hapo tu? Nikashuka ngazi mia mbili, nikavuka bonde, nikapanda mia na arobaini. Dakika mbili za nani? Za kunguru?"

"Na umevaa viatu vya harusi, masikini."

"Ulitaka nije na ndara? Mama, ndara mtu huvaa mtaani kwake!"

Akala mikate mitatu, akaomba radhi, akajikokota kwao. Lakini Ummu Qusai hakuwa akimsikiliza tena. Kila Ijumaa asubuhi, katika vilima vyote vya Amman, kila nyumba humtuma mtu mmoja kufuata mkate wa moto, naye hutoka na nguo za kulalia na ndara, wala havuki pale ambapo ndara huanza kuona haya. Siku zote hizo alikuwa akipima kilomita. Alipaswa kupima ndara.

Akarudi kwenye ramani kama simba jike arudivyo kwenye windo. Duara lake akaliacha palepale, kisha akachora mengine ya kufukuzia: al-Qalaa akaifukuza, bonde akalifukuza, nyuma ya kilima akafukuza. Kikabaki kipande chenye umbo la mkate ulioumwa na watoto wanne, kuanzia barabara ya juu hadi kizingitini pake. Akaandika: "Nyinyi wa ngazi za juu, mnaotoka kwa barabara ya juu na hamshuki. Ni vidato sitini tu. Ijumaa saa mbili, mikate i moto. Njooni na ndara."

Ijumaa ikapambazuka. Gari la gesi likapita juu likipiga wimbo wake. Saa mbili: hakuna mtu. Saa mbili u nusu: paka. Kisha, toka juu, sauti ikashuka: pa, pa, pa. Ndara! Ndara za waridi, na juu yake mwalimu Ibtisam.

"Miaka sita naishi hapo juu," alifoka, "na hakuna aliyeniambia kuna tanuri chini ya miguu yangu!"

Nyuma yake akaja Mahjub kinyozi, suruali ya kulalia ya mistari, nywele zake mwenyewe hazijachanwa. Wakawa wawili.

Saa tatu ikafika. Watatu hakuna. Mume akautazama ufunguo msumarini. Ummu Qusai akapunguza moto, akaichelewesha mikate ya wale wawili kwa hila ambayo majemadari wote huijua. Na hapo ikasikika ndara nzito: pa! pa! Abu Hazim, simu mkononi, akasimama nyuma ya kinyozi.

"Umefuata ufunguo, shemeji?"

Abu Hazim akakohoa. "Sita ya zaatari, miwili ya jibini. Ummu Hazim kaona kwenye simu."

"Kwani mkeo hakujua nina duka?"

"Alijua. Anasema safari hii ameandikiwa yeye. Kasema nisirudi mikono mitupu."

"Usinisukume, bwana," akasema Mahjub. "Foleni hii."

Ummu Qusai akanyoosha kijiko cha zaatari kama upanga. "Mmoja. Wawili." Akazitazama ndara za shemeji yake. "Watatu. Miguu miwili miwili."

"Mimi sihesabiwi!"

Hapo mume, shahidi wa Jumatatu, akafumbua kinywa: "Kasimama kwenye foleni. Anahesabiwa."

"Basi natoka!"

"Toka," akasema Ummu Qusai. "Ukamweleze Ummu Hazim mikate iko wapi."

Akabaki.

Andikeni, enyi waandishi wa tarehe: kwamba Ijumaa, saa tatu na dakika nne, mbele ya paka, ngazi za Jabal al-Jofeh zilitekwa na Ummu Qusai bila tone la damu, ila mafuta ya zeituni kidogo juu ya ndara ya kushoto ya adui. Na adui, akipokea mikate yake minane kwa mikono miwili, aliomba masharti ya amani kwa sauti ya chini.

"Niongeze wa tisa, shemeji," akasema. "Nitafune nikipanda. Vidato ni sitini."