Déo wa Kashojwa na Chupa Isiyooshwa

Njoni, enyi watu wa Kashojwa, hapa kambini Nakivale, na nyinyi wa Ngarama mliokuja kuuza ndizi, tueni mizigo mnisikilize, maana nawasimulia vita alivyopigana Déo mwana wa Vénant, bingwa wa fagio, mlinzi wa tangi la shule ya chekechea, mtu ambaye hajawahi kuona sufuria chafu akapata usingizi.

Msimu huo matumbo ya watoto yaliharibika. Mutabazi, bwana afya, akafika, akayafunga mabomba yote ya shule, akabakiza moja la kuchotea maji ya kupimwa, akatamka kwamba hakuna mtoto atakayeingia humo mpaka maji yapimwe bakteria katika maabara ya Mbarara. Na kwa kuwa Déo ndiye aliyeliosha tangi, kijiji kizima kilimnyooshea kidole. Hata wanawake aliozoea kupiga nao soga sokoni walimgeuzia mgongo. Iliuma, jamani.

Ndipo Mariette, mwalimu mkuu, Mkongo wa Kivu ya Kusini mwenye sauti ya kuamsha kambi, alipomkabidhi chupa ndogo ya kupelekea maji maabara, iliyoachwa na bwana afya, akanena: "Papa Déo, masomo yetu iko mu mikono yako. Kama maji ni mabaya, batafunga hii fasi ya masomo, na batoto batarudia kuzurura. Wende, utuletee jibu."

Déo akaipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani, akaona unga mweupe kidogo pale chini. Yaani Mrundi aliyelelewa na mama yake akaleleka apeleke mjini chombo chenye vumbi, waseme kwao hakuna sabuni? Thubutu. Akaisugua kwa majivu, akaisugua kwa sabuni, akaianika juani hadi ikang'aa, kisha akaijaza maji ya bomba, akaizika katika barafu ya muuza samaki, akapanda pikipiki kuelekea Mbarara, kifua mbele kama anayepeleka mahari.

Huko alipokewa na Yudita, Mnyankole, malkia wa maabara, mwenye koti jeupe. Akaiinua chupa kwenye mwanga.

"Ssebo, bwana wangu, hapa kulikuwa na poda. Ilienda wapi?"

"Madamu," akajibu shujaa wetu kwa fahari, "chupa nimeikuta chafu. Nimekuoshea."

Yudita akaketi. "Ile poda ni ya kazi. Inazuia dawa ya maji, ile klorini ya bomba, isiue bakteria ndani ya chupa huko njiani. Sasa nikipima hii, itasema maji iko safi hata kama iko mbaya. Watoto watakunywa, watagonjeka tena. Wewe unataka hivyo?"

Déo hakutaka. Akaomba chupa nyingine.

"Ninakupa. Lakini usioshe. Hata kupanguza, hapana."

Sasa, wasikilizaji wangu, vita vyenyewe ndipo vilipoanza. Kulipokucha, amesharudi Kashojwa, mbele ya bomba, mkono wa kuume ulishika chupa, na ule wa kushoto ukaenda kutafuta sabuni bila kutumwa. Unga ule ukamkodolea macho. Jasho likamtiririka bwana yule kana kwamba amebebeshwa tangi. Mariette aliyesimama mlangoni akamwambia polepole, "Papa Déo, acha tu. Mama yako hakuoni."

Naye akaacha. Akaikinga chupa bombani vilevile ilivyo, pamoja na unga wake mtukufu, akaifunga, akailaza barafuni, akaifikisha Mbarara.

Yudita akayaweka maji yale katika kabati lake la joto, na kesho yake akapiga simu: bakteria hawakuonekana. Tangi la Déo lilikuwa safi tangu mwanzo. Mutabazi akayafungua mabomba, akaenda kuyakagua mapera mabichi nyuma ya uzio, ambayo watoto walikuwa wakiyala kila siku.

Basi atakayesimulia habari za Nakivale aanzie hapa, kwamba palikuwa na mtu aliyeona chupa chafu akaiacha. Wale wanawake wa sokoni wakatangulia kumsalimu. Watoto wakajipanga bombani, na Déo akachukua kikombe cha wa kwanza, akakichungulia ndani, akakiosha. Safari hii Mariette alimwacha.