Nzi wa Sultani

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimeaminiwa! Mwalimu Evelina amekwenda Amani kumwona dada yake aliyejifungua, na simbilisi wake Sultani kamwacha kwangu. Kwangu mimi, Hezekia, fundi cherehani! Si kwa Clemence seremala, jirani yangu ukuta kwa ukuta, ingawa tundu la Sultani ni kazi ya mikono yake na anajisifia mpaka kwenye ibada.

Mjane hamwachii mtu kipenzi chake hivihivi. Akirudi Jumapili akamkuta amenenepa, nitamweleza lililo moyoni mwangu tangu Pasaka.

Alisisitiza Sultani apewe majani na maji tu. Unyenyekevu huo! Hakutaka kunitia gharama. Nimemnunulia plamsi, zile zilizoiva mpaka zinachuruzika.

Jumanne, 14 Januari

Nzi!

Wadogo kama mbegu za mchicha. Wamejaa tunduni, wamejaa kwenye chai, mmoja kaingia puani nikitunga uzi. Clemence akapita, akanipigia salamu ya Kishambaa ya kinafiki, "Onga makeo", akachungulia, akasema niondoe plamsi. Eti plamsi! Mtu kagonga tundu kwa mbao za msindano ambazo bado zinatoka utomvu, halafu anasingizia matunda. Nikamwambia wazi kwamba nzi wanafuata mbao zake. Akacheka. Nikaongeza plamsi mbele ya macho yake.

Jumatano, 15 Januari

Sokoni nimesikia kwamba nzi hawa hufia kwenye kitu kichachu. Siki sikupata. Nikapata boha, pombe ya miwa, kali ya kutoa machozi. Nikaijaza kwenye mabakuli na kuyapanga kulizunguka tundu. Mtego wa kisomi kabisa.

Nani akaingia? Mama Happiness, mwenyekiti wa kwaya, kufuata majoho ninayolishonea kanisa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa ananusa. Nikamweleza kwamba pombe ile ni ya nzi.

"Fundi Hezekia," akasema, "kila mlevi ana mtu wa kumsingizia. Wewe umeona umsingizie nzi."

Akaondoka bila majoho. Mimi ambaye hata divai ya meza ya Bwana hunikwaruza koo!

Alhamisi, 16 Januari

Nzi hawakufa. Wamelewa tu, sasa wanaruka kombo na kugongana na uso wangu. Wengine wameita ndugu zao.

Nikabadili mbinu. Moshi! Nikawasha majani ya mkaratusi kwenye karai chini ya meza. Nzi wakatoka. Mimi nikatoka. Wateja wote wa mtaa wakatoka. Nikarudi mbio kumchukua Sultani, nikakutana mlangoni na Clemence na ndoo. Hakuuliza. Akamwagia maji kila kitu: karai, mimi, majoho ya kwaya. Kisha akaniuliza kama nimeungua, kwa sauti ya huruma, ili watu wasikie. Njama tupu! Moto ulikuwa mdogo.

Majoho nimeyaanika. Yananuka kama mgonjwa aliyefukizwa. Nzi walirudi kabla hayajakauka.

Ijumaa, 17 Januari

Nimepata jibu. Chandarua! Nimelivalisha tundu lote, nikashona na pindo chini, kazi safi isiyopitisha hata uzi. Kweli hakuna nzi anayeingia.

Tatizo ni kwamba waliokuwamo hawatoki. Wanazaliana humo kwa raha zao. Nimewatupia plamsi nyingine pembeni ili wamwachie Sultani zake.

Jumamosi, 18 Januari

Sultani hali kitu.

Kajikunja pembeni, manyoya yamesimama, anaharisha. Nilipasua chandarua kwa mkasi nikamtoa, nikamweka kifuani. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama cherehani isiyo na kitambaa. Nilimwomba asife. Nilimwomba kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kishambaa, nikamwahidi plamsi. Akafumba macho.

Sikuwa na la kufanya. Nikagonga kwa Clemence.

Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza kwenye maranda makavu, akampa majani mabichi na maji. Plamsi zangu akazitupa shimoni mbali, moja moja, huku naangalia. Jioni Sultani akaanza kutafuna. Nami nilikuwa nimesali sana. Ila nani atanisifu mimi?

Jumapili, 19 Januari

Mwalimu Evelina karudi. Alinikuta karakanani kwa Clemence, nimekaa karibu na tundu. Limeoshwa, na hapakuwa na nzi hata mmoja. Ni wazi kwamba walimwogopa Mwalimu.

Clemence akamwambia mimi na yeye tumemlea Sultani pamoja. Pamoja! Ananipunguzia nusu! Mwalimu akacheka, akasema simbilisi na matunda matamu haviendani, na kwamba yeye aliniambia. Sikuona haja ya kubishana na mtu aliyechoka safari. Lile la moyoni nikafungua kinywa kulisema, lakini akawa anamuuliza Clemence kama amekula.

Akatoa zawadi za Amani. Clemence, kifuko cha iliki kinachoenea kiganjani. Mimi, fenesi zima, zito kama mtoto wa darasa la kwanza! Mwenye macho na aone nani anapendwa.

Jumanne, 21 Januari

Clemence na Mwalimu Evelina wamekunywa chai ya iliki mlangoni mara mbili. Chai tu. Iliki inakwisha kwa kunywewa; fenesi langu lipo palepale.

Sijalikata. Nimelitundika juu ya cherehani, mlango wazi, kila apitaye alione na aulize limetoka kwa nani. Limeiva, limepasuka upande mmoja, linanukia mpaka kituo cha magari.

Mchana nzi wakaja. Wengi kuliko wa Sultani, na Sultani hayupo! Yaani ni husuda tu. Clemence akatia kichwa dirishani, akaanza kusema kitu kuhusu fenesi. Nikamfungia dirisha.

Safari hii sitapigana nao. Nimepaka asali kwenye ule mpasuko, wale vizuri. Nzi ni wageni kama wageni wengine: wakishiba, wataaga.