Mheshimiwa Yuko Barafuni

Mugambi alimtambua mheshimiwa kwa viatu. Ilikuwa mwezi wa tatu, theluji imejaa nje ya uwanja wa ndege wa Arlanda, na mtu huyu alitoka na viatu vyembamba vyenye ncha kama kalamu. Mtu wa kawaida akija Sweden huuliza kwanza habari za baridi. Mkubwa haulizi, kwa sababu amezoea baridi yake kubebwa na wengine. Nyuma yake alikuja mama mmoja akisukuma masanduku manne, na kwapani ana mkoba mdogo ambao hakuuachia hata alipopiga chafya. Mugambi akajua humo mna muhuri.

"Karibu Stockholm, Mheshimiwa," akasema, akifungua mlango wa vani yake.

"Umejuaje mimi ni mheshimiwa?"

"Uso. Uongozi haufichiki."

Vani yenyewe ilikuwa nyeupe, ya viti tisa. Mugambi alitoka Meru kuja kusoma. Masomo yakamshinda, mke akamwacha, na chumba chake cha Fittja, pembeni ya Stockholm, alikipanga kwa mtu ambaye naye amepanga. Vani ndiyo kitu pekee duniani kilichoandikwa jina lake. Aliiosha mara nyingi kuliko alivyojiosha. Watu wengi walidanganywa ndani yake, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kushika usukani wake.

Mgeni alikuwa Honorable Évariste, mbunge wa jimbo, kutoka Bukavu, Kongo, na mama ni Victoire, katibu wake. Jimbo limewatuma kazi ya siku nane: kutazama jinsi barafu ya dunia inavyokwisha, na kurudi na ripoti. Pesa ya hoteli wamepewa taslimu na serikali, kwa hiyo wakaomba kupelekwa mji wa Södertälje, kwa shemeji wa Mheshimiwa, ambako kulala ni bure. Mugambi hakushangaa. Pesa za mheshimiwa kutazama barafu hupatikana haraka. Pesa za mashine ya hewa hospitalini ndizo hukawia, mpaka mke wa mtu, kule Meru, achoke kusubiri na kuzikwa. Haya, tuendelee.

"Barafu yenyewe iko wapi?" Évariste akauliza, akitazama nje. "Ile ya kweli. Ripoti inaomba picha."

Mugambi akatoa kijitabu cha rangi alichookota mezani pale Arlanda. Ndege ndogo yenye miguu ya kuteleza inakuchukua, inakupitisha Kiruna, kaskazini kabisa, inakushusha kwenye nyika nyeupe isiyo na barabara wala mtandao. Hema lina jiko la kuni na kitanda cha manyoya. Kuna mpishi, kuna mvinyo, kuna kiongozi wa msafara. Siku tano. Bei ya mtu mmoja ingekununulia kiwanja.

"Mimi ndiye wakala wao," akasema Mugambi, ambaye kaskazini hajawahi kupita Uppsala, mji wa karibu tu. "Nusu mkononi, nusu mkirudi."

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Achukue nusu, halafu siku ya safari apige simu kwa sauti ya msiba: dhoruba, Mheshimiwa, ndege haitui, na masharti yanasema pesa ya dhoruba hairudi. Dhoruba ni mshirika mzuri. Haidai mgao, na hakuna askari wa kuikamata.

Kesho yake akaitwa Södertälje kunywa chai.

"Petit, mdogo wangu," Évariste akaanza, "malipo tumekwisha fanya. Mama Victoire alituma pesa kwa kampuni, moja kwa moja."

Chai ya Mugambi ilisimama njiani. "Moja kwa moja?"

"Banasema habana wakala," Victoire akamwambia kwa upole, kama anayempa pole. "Lakini hatukukasirika, Papa Mugambi. Kila mutu anatafuta."

"Sasa, mimi siendi," Évariste akaendelea. "Kule iko baridi ya kuua. Utaenda wewe, na jina yangu. Unavaa koti yangu ya bendera, unafunika uso na ile kofia, unaweka miwani. Ndani ya picha, nani atajua? Ukirudi, nusu ya posho yangu ni yako."

Mugambi akafikiri upesi. Kama picha zitakuwa mikononi mwake, basi ripoti nzima itakuwa mikononi mwake. Ataomba posho yote, na ya juu yake. Mheshimiwa asiye na picha ni mtu tu mwenye viatu vibaya.

"Ni heshima kuwa wewe, Mheshimiwa."

"Kintu moja," akasema Victoire. "Kitambulisho yako uache hapa. Ukianguka kule, banakusachi mifuko, banakuta majina mbili, ni haya ya taifa. Na uache ufunguo ya gari na karatasi yake, Honorable asitembee na miguu."

Hapo Mugambi akasita. "Gari langu haliendeshwi na mtu mwingine."

"Papa, Honorable amekuamini na jina yake. Wewe unashindwa kumuamini na gari?"

Maneno hayo Mugambi aliyajua. Ni yake, ameyatumia miaka kumi. Hakuwahi kuyasikia yakitoka upande wa pili, na yalimgusa vilevile kama yalivyokuwa yakiwagusa wengine. Akaweka ufunguo mezani, na karatasi, na kitambulisho.

Jumatatu ndege ndogo ikamshusha kwenye weupe usio na mwisho. Kiongozi wa msafara, Mswidi mrefu mwenye barafu ndevuni, akamwita "Excellence", kama Victoire alivyoagiza. Mugambi akapewa supu ya samaki, akapewa paja la kulungu wa huko, akakalishwa kwenye pipa la maji ya moto huku theluji ikimwangukia kichwani. Akaanza kuelewa kwa nini viongozi hawaachii viti. Aliinua mkono kuonyesha mlima, na watu wawili wakautazama.

Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, akasema, "Zile picha mtanipa siku ya kuondoka."

"Hakuna haja, Excellence," kiongozi akajibu. "Tunazituma kila siku kwa setilaiti, kwa anwani ya yule mama. Ameshashukuru."

Mugambi akasukuma sahani kando. "Naomba ndege."

"Ndege ni Ijumaa."

"Basi simu."

"Simu ni ya dharura. Kuna dharura gani?"

Mugambi akatazama nje. Kote kulikuwa kweupe kama vani.

Ijumaa ndege ilipomrudisha Arlanda alitafuta gari lake, lililotakiwa kumpokea, maegeshoni, safu kwa safu, na wakati huohuo, ghorofani, Évariste na Victoire walikuwa wakikaguliwa pasi. Alipofika Södertälje kwa treni, shemeji akamwambia wageni wameondoka, na gari yeye halijui. Fittja alikuta bahasha kwenye sanduku la barua. Ndani mlikuwa na kitambulisho chake, kimefungwa vizuri kwa karatasi laini. Nusu ya posho haikuwemo.

Akaenda polisi. Askari wa kike, kijana, mwenye adabu, akamsikiliza na kubonyeza kompyuta.

"Gari liliuzwa Jumanne saa tano asubuhi. Muuzaji ni wewe. Ulionyesha kitambulisho."

"Hakuwa mimi. Mimi nilikuwa barafuni."

"Kitambulisho chako kilipotea?"

"Hapana, ninacho hapa."

"Tiketi ya huko barafuni?"

"Ina jina la Évariste. Ndiye mwizi mwenyewe."

Askari akapiga simu kwenye kampuni. Huku hawana uvivu wa kukumaliza. Kampuni ikathibitisha: Honorable Évariste alikuwa kwao tangu Jumatatu hadi Ijumaa, mtu mchangamfu, alikula vizuri. Picha zikaja papo hapo.

"Mtu hawezi kuiba gari Stockholm akiwa kule," askari akasema taratibu. "Isipokuwa kama wa kwenye picha ni wewe. Ukisema hivyo nitaandika. Nitaandika pia kwamba ulisafiri kwa jina la mtu na kwa pesa ya serikali yake, na tutaendelea kutoka hapo."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mtu wa koti la bendera amesimama juu ya barafu, uso umefunikwa, tumbo mbele, mkono umeinuliwa kuonyesha kitu ambacho kitalipwa na wengine. Hata kwa kumtazama kwa mbali ungejua huyo hajawahi kupanga foleni.

"Huyu ndiye Évariste?" akauliza askari.

Mugambi akatia kitambulisho chake mfukoni.

"Ndiye," akasema.