Shamba Lililokuja na Mbolea Yake

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Nimepata shamba Masakta, kando ya barabara. Tambarare, halina kisiki hata kimoja, na samadi imetapakaa kila mahali. Nani siku hizi anauza shamba lililokwisha kuwekwa mbolea? Muuzaji, Bwana Felician, anataka ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Sisi tunaye huyo mmoja, na maziwa yake ndiyo yanayosomesha watoto. Lakini vitunguu saumu nitakavyolima huko vitawasomesha mpaka chuo kikuu.

Jumanne, 2 Septemba
Nimemweleza mke wangu, Gaudensia. Hakukasirika. Aliuliza majirani wa shamba ni akina nani, na kama serikali ya kijiji imekaa kikao juu ya mauzo hayo. Nikasema Felician ataleta karatasi yenye mhuri. Akauliza mhuri wa nani. Sikuwa nimefikiria hilo. Mwanamke huyu angefaa kuwa hakimu.

Jumatano, 3 Septemba
Tumekwenda Masakta sote wawili. Mimi nilipima kwa hatua mahali pa kujenga ghala. Yeye alimwendea mzee Gidahosh, mfugaji wa pale jirani, akamwamkia shikamoo, akaketi. Wakazungumza mvua, mifugo, wajukuu. Nikaona anapoteza muda. Kisha akauliza, kama jambo dogo tu, ng'ombe wa mzee hupita wapi wakienda kulamba chumvi ziwani. Mzee akanyoosha fimbo. Alininyooshea mimi, katikati ya shamba.

Alhamisi, 4 Septemba
Ofisi ya kijiji. Gaudensia aliomba kuona ramani ya matumizi ya ardhi. Ilikuwa ukutani, nami nimeiegemea. Shamba langu ni njia ya mifugo, iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Haiuzwi wala hailimwi. Mtendaji akasema Felician hana hata robo eka pale. Tungempoteza ng'ombe hivi hivi! Njiani nilimwambia Gaudensia kwamba najivunia kuwa naye, na nilisema kwa moyo wote.

Jumapili, 7 Septemba
Sifa za Gaudensia zimefika hadi kanisani. Nami nimejifunza: hakuna kununua bila majirani. Ndiyo maana nimempenda muuzaji mpya niliyempata jana, mwenye shamba Gitting. Majirani amekuja nao mwenyewe, wawili, wameshasaini, ili mimi nisihangaike kufika huko. Baada ya misa nikaenda kumfungua ng'ombe nikamlipe. Hayupo. Gaudensia amempeleka kwa dada yake, Monica, tangu alfajiri, wala hakusema kwa nini. Sijui alijuaje. Mke wa ajabu kabisa.

Nimemuuliza yule wa Gitting kama anapokea mbuzi.